Umeme Usioulipia



Wengi wetu hapa Doha tunalipa kodi ya nyumba iliyojumlisha umeme na maji. Tunatoka kwenda ibadani, kiyoyozi kinabaki kikinguruma. "Kwani bili ni yangu?"

Lakini umeme huo kwa sehemu kubwa ni gesi iliyochomwa. Hata maji ya bomba ni ya bahari, yaliyoondolewa chumvi kwa nishati hiyo. Gesi ikichomwa hairudi. Hewa ukaa yake hubaki angani. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na joto la dunia liliuzidisha ukame huo.

Yesu alipolisha watu elfu tano, aliagiza mabaki yakusanywe. Wingi si ruhusa ya kutupa. Tuzime kabla ya kufunga mlango.