Paka Aliyehama

Jambo tunaloleta mwezi huu ni dogo, na huenda wengine wakacheka. Ni habari ya paka. Lakini limetukosesha usingizi sisi wawili, walimu wastaafu wa hapa Nkowe, na kwa hiyo tumeona yafaa tuliweke mbele yenu.

Paka mwenyewe ni jike, rangi ya majivu. Alikuwa wa Bibi jirani yetu, mjane, ambaye alimpata kwa kutoa mtetea mmoja. Mwaka jana wajukuu watatu wa Bibi waliletwa kutoka mjini waje kukaa naye. Watoto ni watoto: walimvuta mkia, walimfungia kopo. Basi jioni tulipokaanga dagaa, paka akawa anakuja kuketi mlangoni petu. Tukamtupia vichwa. Baada ya juma moja hatukumtupia tena, tulimwekea kisahani. Mwisho wa mwezi alikuwa analala kitini petu, na majirani wakaanza kumwita paka wa Mwalimu. Hatukumsahihisha mtu.

Wakati wa mavuno Bibi aliupeleka ufuta wake ghalani kungoja mnada, na karanga za mbegu akaziweka ndani, kama kila mwaka. Panya wakaingia. Siku moja alikuja mjukuu wake mkubwa na gunia tupu lenye matobo, akasema, “Shikamoo Mwalimu. Bibi amesema ulitazame.” Hakuongeza neno. Nasi tukamjibu, “Marahaba. Mwambie Bibi, paka alikuja mwenyewe.”

Mtoto alipokwisha kwenda tuliona haya. Kwa zaidi ya miaka 30 tumewasikia watoto, kalamu ya mwenzao ikionekana mfukoni, wakisema, “Nimeiokota tu, Mwalimu.” Hatukukubali jibu hilo hata siku moja. Sasa sisi tumelitoa lile lile, tofauti ni kwamba kalamu haina miguu.

Lakini tuseme kweli, miguu ile si kitu kidogo. Paka si mbuzi. Mbuzi humfunga kamba, ukamuuza, ukamrithisha. Wataalamu wanatuambia kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa Afrika na nchi za Mashariki ya Kati, yule ambaye wengine humwita kimburu, na kwamba yapata miaka 10,000 iliyopita, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walifuata nafaka na paka wakafuata panya. Hakuna aliyekwenda kuwakamata porini. Katika kisiwa cha Cyprus, mahali paitwapo Shillourokambos, wachimbaji walikuta mifupa ya paka aliyezikwa karibu na mtu miaka 9,500 hivi iliyopita. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2004. Kisiwani kule hapakuwa na paka wa asili, kwa hiyo lazima alipelekwa kwa chombo. Basi tangu mwanzo mambo yako mawili: paka alikuja mwenyewe, na mtu naye akampenda hata akamvusha bahari.

Husemwa mbwa humfuata mtu na paka hufuata nyumba. Sisi tuliliona hilo mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tungali shule ya msingi. Tulipohamishwa, nyanya yetu alimtia paka wake ndani ya tenga, akalibeba kichwani mpaka kijiji kipya. Usiku wa pili paka hayupo. Alikuwa amerudi mahameni. Nyanya alikuwa akienda kule kila alipokwenda kuchuma maembe, akimpelekea kipande cha samaki, mpaka siku moja hakumkuta. Hatukumsikia kumlaumu yule paka. Alisema tu kwamba yeye hakuulizwa kama anataka kuhama. (Watu wazima waliokuwa karibu walinyamaza, na sisi wakati huo hatukuelewa kwa nini.)

Kwa hiyo twakubali kwamba paka ana hiari yake, na kumrudisha kwa nguvu penye watoto wanaomfungia kopo si haki. Hata hivyo tulijaribu. Tulimpeleka kwa Bibi katika kikapu kilichofunikwa kanga, tukazungumza kidogo, tukaaga. Tulipofika nyumbani tulimkuta ameketi kitini.

Tatizo letu ni kwamba hiari ya paka inamtetea paka. Sisi je? Kisahani tuliweka sisi. Tungalijua njaa haikumleta, maana alikuwa mnene. Alikuja kutafuta utulivu, nasi tukamwongezea dagaa ili asirudi. Na katika mwezi mzima ule hatukuvuka ua hata mara moja kumwambia Bibi, “Paka wako analala kwetu, je, una habari?” Torati inamwamuru aliyeona ng'ombe wa nduguye amepotea amrudishe, wala asijifanye hamwoni. Sisi tulijifanya hatumwoni mwenye paka.

Wengi wenu mwaikumbuka habari ya Nathani na mwana-kondoo wa maskini. Zamani tuliifundisha kana kwamba kosa la yule tajiri ni wizi wa mnyama tu. Siku hizi tunakiangalia zaidi kile alichoeleza Nathani kwanza, kwamba kondoo yule alikuwa akilala kifuani pa yule maskini.

Tulimpelekea Bibi debe la karanga za mbegu. Alizipokea, akashukuru. Tukampa na mtetea. Huyo alimkataa. Akasema, “Mwalimu, karanga zimeliwa na panya, umezilipa, yamekwisha. Lakini tangu mzee afariki yule paka alikuwa akilala miguuni pangu. Usiku nikiamka, nasikia kitu kinapumua. Hicho utakipima kwa debe gani?” Hatukuwa na jibu, tukakaa naye barazani mpaka giza likaingia. Tangu siku ile twaenda kila jioni. Paka hutufuata hadi kwenye ua, huketi pale, kisha hurudi zake.

Mwezi uliopita amezaa watoto watatu ghalani mwetu, nyuma ya sanduku la madaftari ya zamani. Tulimwita Bibi. Alikuja kwa mkongojo, akainama, akawatazama muda mrefu, akachagua mmoja mwenye rangi ya mama yake. Tukamwambia atampata bure mara atakapoacha kunyonya. Akasimama wima.

“Bure sitaki,” alisema. “Nitaleta mtetea, kama nilivyofanya kwa mama yake, na wewe utampokea mbele ya wajukuu wangu hawa, waone.”

Tulijaribu kubisha, akasema basi na paka abaki. Kwa hiyo mtetea atakuja, labda juma lijalo, na tumekwisha kumtafutia kamba.