Kabla ya Mtaalamu Kuondoka

Mzazi auzapo fahali wake mnadani Kisongo apate karo ya mtoto, hajui bado elimu ile itamfaa nani. Huenda mtoto atasomea kompyuta katika Chuo cha Ufundi Arusha, au atafika hata Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru. Kisha, akiwa hodari, ataitwa na nchi za mbali.

Wenye kuita hawakosi. Mnamo Septemba 2024 Ujerumani ilitia sahihi mapatano na jirani zetu wa Kenya ili ijipatie wafanyakazi wenye ujuzi. Marekani nayo, mnamo Septemba 2025, iliagiza waajiri walipe dola 100,000 kwa ombi jipya la viza ya wataalamu. Ada hiyo ilikusudiwa hazina ya Marekani. Nchi iliyomsomesha kijana haikutajwa.

Je, kijana aondokaye atenda kosa? Sisi twasema hapana. Mtu si ndama wa kufungwa kamba, na wengi waliokwenda ndio wanaowasomesha wadogo zao. Swali letu ni kwa yule amchukuaye.

Sheria yetu ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 yamtaka mwajiri aletaye mtaalamu wa kigeni aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi ule. Ni agizo la haki: mgeni na aje, afanye kazi, lakini asiondoke na ufunguo. Basi kipimo hicho hicho kitumike na kule. Nchi ichukuayo mhandisi aliyesomeshwa kwa fahali wa Kisongo na kwa kodi za Watanzania, isaidie kusomesha mwingine mahali pake.

Lakini sisi wenyewe je? Wako waajiri hapa hapa nchini watakao kijana mwenye uzoefu wa miaka 5, nao hawako radhi kumpa uzoefu wa mwezi mmoja. Mpango wa kurithisha ujuzi huandikwa vizuri katika fomu, fomu hufungiwa kabatini, na Mtanzania aliyetajwa humo huachwa abebe nyaya. (Kunyoosha nyaya ni kazi ya heshima, ila siyo aliyoahidiwa.) Kisha twasikia kilio kwamba wataalamu hawapatikani! Kwa uso gani tutawadai Wajerumani?

Tungependa afisa wa kazi aanzie kwenye kabati hilo. Asiisome fomu tu. Amwite yule kijana aliyeandikwa, amketishe mbele ya mtambo, na amwambie auendeshe.