Je, Neno "Subiri" Latosha?

Ndugu msomaji, mtu anapofikwa na msiba, neno la kwanza tumwambialo ni "subiri". Ni neno jema, na Kurani Tukufu imeitukuza subira mahali pengi. Lakini leo yatupasa kujiuliza swali moja: je, tukisha kumwambia mwenzetu asubiri, tumetimiza wajibu wetu juu yake?

Swali hili lilinijia Magindu, Wilaya ya Kibaha, nilipokuwa nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha dini ninachofundisha ng'ambo. Nilikwenda kumjulia hali mzee mmoja, mkulima, ambaye presha ya macho ilikuwa imemwondolea nuru ya macho yote mawili. Maradhi haya mara nyingi huja kimya bila maumivu, na nuru iliyokwisha kupotea kwa sababu yake hairudi. Si kama mtoto wa jicho, ambaye daktari aweza kumtoa na mtu akaona tena. Nilimsimulia Hadithi inayoahidi Pepo kwa mja aliyeondolewa macho yake mawili kisha akasubiri. Nikaomba dua, nikainuka niende zangu. Mzee akasema:

"Sheikh wangu, Mungu akulipe. Neno hilo mwanangu kanipa, jirani kanipa, nawe umenipa. Lakini hakuna aliyeniuliza usiku nalala vipi."

Niliona haya, nikaketi tena. Akanieleza kwamba halali. Shauri la shamba linafanywa bila yeye, na posa za wajukuu zinajibiwa naye yumo ndani, kama kwamba aliyepoteza macho amepoteza na akili. Kisha akashusha sauti: kwa miezi kadhaa alikuwa akiona watu wadogo wenye mavazi ya rangi wakipita ukutani bila kusema neno. Alijua kuwa hawapo, lakini aliwaona. Alipomwambia mkewe, jamaa walitaka kuita mganga wa kupunga mashetani.

Ndugu msomaji, jambo hili linajulikana kwa waganga wa hospitali tangu zamani. Mwanachuoni wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika mwaka 1760 habari za babu yake, mtu mwenye akili timamu aliyepungukiwa na nuru ya macho, naye akiona watu, ndege na majengo yasiyokuwepo. Hali hiyo sasa huitwa kwa jina la Bonnet. Ubongo uliozoea kupokea picha kutoka machoni, ukizikosa, hujitungia zake. Mtu huyo hakupagawa, wala kwa hilo peke yake hana wazimu. Apelekwe kwa daktari, maana yako na maradhi mengine yaletayo maono. Lakini asipigiwe ngoma. Sisi Waahmadiyya twafundishwa kwamba imani ya majini wanaompanda mtu kichwani haina msingi katika Kurani. Imani hiyo imewanyamazisha wagonjwa wengi, nao wakabeba hofu yao peke yao.

Lipo kosa la pili. Twadhani kwamba mwenye kuhuzunika amepungukiwa na imani. Tusome Sura ya 12. Nabii Yakub a.s. alihuzunika kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakaathirika. Wanawe wakamlaumu, naye akawajibu kwamba mashtaka ya huzuni yake anayapeleka kwa Mungu. Alihuzunika, akalia, wala hakuacha kuwa Nabii. Basi mzee wa kijijini akilia, nani atamwambia kuwa imani yake ni dhaifu? Na huzuni ikidumu kwa majuma, ikaondoa usingizi na hamu ya chakula, hata mtu akaona maisha hayana maana, hayo ni maradhi yaitwayo sonona, nayo yana tiba. Mtukufu Mtume s.a.w. alituagiza kujitibu. Kumpeleka mgonjwa huyo hospitali, kama vile Tumbi hapo Kibaha, si kupungukiwa na tawakali.

Huenda mtu akasema: "Lakini ahadi ya Pepo ipo." Naam, ipo, na ni ya kweli. Ila imeelekezwa kwa aliyepofuka. Sisi tunaoona hatukuahidiwa kitu kwa subira ya mtu mwingine. Sisi tutaulizwa tulifanya nini.

Na mfano tunao. Hazrat Abdullah bin Ummi Maktum r.a. alikuwa kipofu. Siku moja Makka alimwendea Mtukufu Mtume s.a.w. alipokuwa akizungumza na wakuu wa Kikureshi, akayakatiza maneno. Mtume hakumtamkia neno kali. Alikunja uso tu, na kipofu hakuuona. Lakini Mwenyezi Mungu, ili kuonyesha heshima ya mtu yule, aliteremsha aya za Sura ya 80 zinazosomwa mpaka leo. Baadaye, huko Madina, Mtume alimwachia mji mara kadhaa alipokuwa safarini, na akamfanya mwadhini pamoja na Hazrat Bilal r.a. Fikiri, ndugu yangu: alipewa kuadhini alfajiri, kazi ambayo kwa fikira zetu yahitaji macho! Hakuadhini mpaka aambiwe kwamba kumepambazuka. Wenzake walimwazima macho, naye akawaazima sauti. Huko ndiko kumsaidia asiyeona: si kumhurumia tu, bali kumwachia nafasi ambayo watu watamngojea.

Kabla sijaondoka Magindu, vijana walikubaliana kumwongoza mzee msikitini, naye akakubali kuwafundisha watoto Sura Fatiha kwa kuisikiliza na kuirudia. Mwanawe aliahidi kumpeleka kwa daktari. Huzuni yake haikwisha siku ile, nami sidai hivyo. Lakini watoto walipokuja na kumwita "Mwalimu", alinyosha mgongo.

Basi, ewe msomaji, uendapo kwa ndugu asiyeona, uliza kwanza analalaje. Sikiliza mpaka amalize. Hapo ndipo umtajie subira, nawe uwe tayari kusubiri pamoja naye.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuwaona wale tuliozoea kuwapita. Amin.