HUKUMU JUU YA HUKUMU

Watu wengi, wasikiapo kuwa mfungwa amefunguliwa na mahakama ya rufaa, husema moja katika maneno mawili. Ama husema kuwa hakimu wa chini amevunjiwa heshima. Ama husema kuwa mwizi ameponyoka kwa hila za makaratasi. Maneno yote mawili yatokana na kutojua rufaa ni nini, na kila moja lina madhara yake: la kwanza lamtia hakimu kiburi, na la pili laharibu jina la mtu.

Ama la kwanza, jawabu lake limo katika Qur'ani tukufu, Sura ya Al-Anbiyaa, katika kisa cha Nabii Daudi na mwanawe Suleimani. Kondoo wa watu waliingia shambani usiku wakalila. Baba na mwana wakahukumu, na Suleimani ndiye aliyefahamishwa hukumu iliyo bora. Wala Mwenyezi Mungu hakumtia Daudi aibu kwa hilo, bali amewataja wote wawili kuwa walipewa hukumu na elimu. Basi ikiwa Nabii hakupungukiwa na cheo, hakimu wa wilaya apungukiwa na nini?

Na afikiriwe mtu wa Bweri, mjini Musoma, kando ya ziwa. Ni mbali na mwambao, lakini sheria ya jinai imhukumuyo ndiyo imhukumuyo mtu wa Tanga na wa Kilwa. Akitiwa hatiani na mahakama ya wilaya, ana siku 10 za kutoa taarifa ya kukata rufaa, na siku 45 za kupeleka sababu zake Mahakama Kuu, bila kuhesabiwa siku za kungojea nakala ya shauri. Akiwa gerezani, huzipitisha kwa mkuu wa gereza. Zamani rufaa ya mtu huyo ilikwenda hata Mwanza, na jamaa zake wakaifuata kwa basi kupitia Bunda. Sasa Mahakama Kuu ina kituo chake Musoma, na Mahakama ya Rufani, iliyowekwa mwaka 1979, nayo huja kukaa hapo.

Jaji wa rufaa hakuwaona mashahidi. Je, ahukumu kwa nini? Katika shauri la Okeno, la mwaka 1972, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kuwa rufaa ya kwanza yapasa kuupima upya ushahidi wote na kufikia rai yake yenyewe, huku ikikumbuka kuwa hakimu wa kwanza ndiye aliyewaona mashahidi na kuwasikia. Shauri likipanda tena, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani huangalia mambo ya sheria tu, wala hawayagusi yale ambayo mahakama mbili zimekubaliana, ila ikidhihiri kuwa ushahidi ulifahamiwa vibaya.

Ama lile neno la pili, la mwizi kuponyoka, na liangaliwe shauri la Waziri Amani, la mwaka 1980. Mahakama ya Rufani ilifundisha kuwa shahidi asemaye "nilimtambua" hana budi kuulizwa: alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alimjua kabla ya siku ile? Mtu asitiwe hatiani kwa utambuzi huo maadamu yamkini shahidi amekosea. Na adhabu ya unyang'anyi wa silaha si chini ya miaka 30. Basi ikiwa mtu amefungwa kwa neno la shahidi aliyeona gizani, na rufaa ikamfungua, ni nani aliyeponyoka? Huenda ni yeye. Na huenda mwizi hasa aliponyoka zamani, siku ile alipofungwa asiye yeye, watu wakaacha kutafuta.

Wala si kila kosa la karatasi litenguwalo hukumu. Sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1985 yasema kuwa kosa lisiloleta dhulma halivunji hukumu. Na shauri likiwa liliendeshwa kwa ubovu, mahakama yaweza kuamuru lisikizwe upya. Lakini, kama ilivyoamuliwa katika shauri la Fatehali Manji, la mwaka 1966, si kwa kuwapa washitaki nafasi ya kuziba mapengo yao.

Lakini aliyeibiwa arudi na nini? Hurudi mikono mitupu, na uchungu wake ni wa haki. Ila lawama yake na iwaendee waliomharibia: mpelelezi mvivu, na shahidi aliyezidisha neno juu ya aliloliona, akidhani asaidia haki, kumbe aibomoa.

Na aliyefunguliwa, mahakama haikusema kuwa ni safi mbele ya Mola wake; imesema kuwa hatia haikuthibiti. Kwa hivyo haiwafalii majirani kumhukumu tena barazani bila shahidi wala rufaa. Naye, ikiwa moyo wake wamjua kuwa alichukua, na arudishe, kwani Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa hukumu ya kadhi haimhalalishii mtu haki ya nduguye, bali huwa amekatiwa kipande cha moto. Juu ya Mahakama ya Rufani hakuna mahakama nyingine nchini, lakini juu ya wote yuko Hakimu asiyehitaji shahidi.