Asiye na Kete

Jioni moja hapa Kizimbani, wajukuu zangu walitandika barazani mchezo wa mbio za sayari. Unarusha dadu, unaiondoa kete yako Duniani, unapita Mirihi na Mshtarii, na wa kwanza kufika Zohali ndiye mshindi. Kete zilikuwa nne, watoto watano. Umeme ulikuwa umekatika. Basi nikampa mdogo wao kandili awamulikie.

"Babu, na mimi nacheza?" aliniuliza.

"Bila wewe hakuna mchezo," nikamjibu.

Nilisema kweli, lakini sikulijibu swali lake.

Nilikumbuka Tunguu, ambako si mbali na kwetu. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kijengwe Zanzibar kituo cha kufuatilia vyombo vya angani. Wakati huo tulikuwa chini ya Waingereza. Makubaliano yalikuwa yao wawili. Wapo wenyeji waliokipinga, lakini kilijengwa. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, kituo chetu kilikuwa miongoni mwa vilivyomsikiliza. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kikafungwa mwaka huo huo.

Leo mtu anaweza kujivuna kwamba nasi tulikuwamo katika mbio zile za Wamarekani na Warusi. Je, tulikuwamo?

Kusaidia si unyonge. Mpishi wa harusi si bwana harusi, na heshima yake iko pale pale, kwa sababu aliombwa, akakubali, na angeweza kukataa. Lakini aliyewekwa tu mahali, hata akisifiwa vipi, ni kama shimo la bao: mchezo hauendi bila yeye, naye hachezi. Na sifa tunazompa mara nyingi ni za kumnyamazisha asiulize kete yake iko wapi.

Nilimtazama yule mtoto akibadilisha mkono, kandili imemchosha. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hukuwa unacheza. Nisamehe."

Nikachukua komwe moja kwenye bao langu, ikawa kete ya tano. Kandili nikaitundika kwenye msumari wa ukutani, ambao ulikuwapo tangu mwanzo.

Alifika Zohali wa mwisho, wala hakulia.