Fremu Nne Nje ya Bikoni

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida: vyumba vitatu, sebule, bati la msauzi, kando ya barabara ya mkoa jijini Dar es Salaam. Kilichomvuta mwalimu mstaafu ni vilivyoizunguka. Mbele kulikuwa na fremu nne za maduka zilizotazama barabara, zote zina wapangaji. Uani kulikuwa na banda la vyumba viwili, na eneo lote limefungwa kwa ukuta mrefu wenye geti la chuma. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amelipwa mafao yake, na dalali wa mjini hunusa mafao haraka kuliko anavyojua mipaka ya viwanja.

"Mzee wangu," alimwambia, "hapa hununui nyumba, unanunua mshahara. Fremu moja laki na nusu kwa mwezi, piga mara nne. Pensheni itabaki ya kununulia sukari."

Mkewe mwalimu hakuwa akisikiliza hesabu. Alikuwa anaitazama nguzo ya umeme iliyosimama ndani ya ukuta, hatua chache kutoka getini.

"Nguzo ya mtaa inafanya nini ndani ya ua wa mtu?" aliuliza.

"Hiyo bahati, mama," dalali akajibu. "Wenzako wanaufuata umeme, wewe umeme umekufuata."

Wakacheka, na swali likafia hapo. Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Nguzo ilipandwa nje, kwenye hifadhi ya barabara. Ukuta ndio uliosogea ukaipita.

Msomaji asidhani mwalimu alinunua kwa pupa. Alikwenda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati na kukuta jina la muuzaji ni lile lile, hakuna rehani, hakuna zuio. Alidai ridhaa ya maandishi ya mke wa muuzaji, maana nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akashuhudia na kugonga muhuri. Dalali naye akaongeza ushahidi wake: kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU kila mwezi, kwa hiyo serikali inalitambua jengo.

Hoja hiyo ya LUKU nimeisikia mara nyingi, na inapotosha. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, na mita haiulizi kama ukuta umevuka mpaka. Kulipa kodi hakugeuki kuwa kibali. Upekuzi nao una kikomo chake: unakwambia kiwanja ni cha nani na kina deni gani. Hauelezi juu yake kimejengwa nini wala kwa ruhusa ya nani. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na ramani iliyogongwa muhuri hukaa kwenye jalada la huko. Mwalimu hakwenda huko. Angekwenda, angekuta kibali halali kabisa cha nyumba ya vyumba vitatu, basi. Fremu, banda na ukuta havikuwahi kuchorwa popote.

Alilipa milioni 110. Nyumba ya namna hiyo isiyo na fremu, mtaa huo huo, ilikuwa ikiuzwa milioni 80. Kwa hiyo kwa fremu peke yake alitoa milioni 30.

Mwaka mmoja baadaye, barabara ilipotakiwa kupanuliwa, walikuja watu na futikamba na rangi. Ukuta na fremu zote nne zikapigwa X nyekundu. Nyumba haikuguswa. Jirani wa kushoto, ambaye kibanda chake cha zamani kilikuwa umbali ule ule kutoka barabarani, akapigwa X ya kijani, na mwalimu akaamini ameonewa.

Hakuonewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kibanda cha jirani kilijengwa miaka ya tisini, mita 24 kutoka katikati, na wakati ule hapo palikuwa nje ya hifadhi. Huyo barabara ilimfuata, kwa hiyo anastahili fidia. Fremu za mwalimu zilikuwa mita 24 pia, lakini zilijengwa 2016, sheria ikiwa na miaka tisa. Zenyewe ziliifuata barabara. Kwamba aliyezijenga ni mwingine na aliyezinunua ni mwingine, rangi haitofautishi.

Hasara haikuishia kwenye matofali. Wapangaji walikuwa wamelipa kodi ya miezi sita mbele, na walipoona X walitaka ya miezi iliyobaki irudi, wakati hela ilishaingia kwenye ada za wajukuu. Mwalimu akachukua mkataba wake akaenda kwa wakili, akitaka muuzaji ashtakiwe. Wakili alisoma, akarudia kusoma, kisha akamwonyesha kwa kidole: kiwanja namba fulani, kitalu fulani, "pamoja na nyumba moja ya kuishi". Neno fremu halikuwemo. Muuzaji, ambaye nadhani alijua alichokuwa anafanya, alipokea bei ya fremu bila kuandika popote kwamba anaziuza.

Mpima ardhi aliyeletwa baada ya yote hayo alizikuta bikoni mbili za mbele nyuma ya fremu, zimefunikwa na vitofali vya uani. Kazi hiyo ilimalizika kabla ya mchana. Banda la uani, kwa kuwa limo ndani ya bikoni, angalau linazungumzika: ramani ichorwe, maombi yapelekwe halmashauri, gharama ilipwe. Kwa fremu hakuna cha kuomba, maana ardhi iliyo chini yake haikuwahi kuwa ya muuzaji.

Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2017 wanakumbuka Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kiluvya, ambako hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande na nyumba zenye umeme na maji ya bomba zikaangushwa. Baada ya somo kubwa namna ile bado tunanunua ua kwa kuangalia urembo wa geti.

Wewe unayetafuta nyumba sasa, mpeleke mpima ardhi kabla hujatoa malipo ya kwanza, akuonyeshe bikoni zote kwa macho. Nenda halmashauri na orodha ya kila kilichojengwa nje ya nyumba: fremu, banda, ukuta, kibaraza, shimo la maji taka. Uliza kimoja kimoja kama kimo kwenye ramani iliyopitishwa. Kisichokuwemo, muuzaji akiombee kibali mwenyewe kabla ya kuuza, au akitoe kwenye bei. Akigoma yote mawili, mwachie nyumba yake.