Mfadhili wa Siri na Uhuru wa Mtunzi: Suala la Maadili katika Fasihi ya Vita Baridi

Mnamo Aprili 1966 gazeti la New York Times lilichapisha msururu wa makala kuhusu shughuli za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Miongoni mwa mambo yaliyofichuka ni kwamba Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, asasi iliyozaliwa Berlin mwaka 1950 na kuweka makao yake Paris, lilikuwa likipokea fedha za shirika hilo kwa njia za kificho. Mwaka uliofuata shaka yote iliondoka pale Thomas Braden, aliyewahi kukiongoza kitengo kilichohusika, alipoandika waziwazi kwamba mambo ndivyo yalivyokuwa na kwamba hakuona haya. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki habari hizi hazikuwa za mbali. Kongamano hilo ndilo lililogharimia mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere Juni 1962. Ndilo lililolisaidia jarida la Transition, lililoasisiwa na Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961. Na ndilo lililosimama nyuma ya kituo cha Chemchemi, alichokianzisha Ezekiel Mphahlele jijini Nairobi mwaka 1963.

Swali linalozuka hapa si la kihistoria tu. Je, mtunzi aliyelishwa na mkono asioujua amekosa? Na iwapo hakukosa yeye, kuna aliyekosewa?

Jawabu jepesi la kwanza ni lile la wahakiki waliozoea kuipima kazi kwa chanzo cha fedha zake: kwamba kilichomwagiliwa maji machafu hakiliki. Jawabu hili halistahimili ushahidi. Mwaka 1963 Transition ilichapisha insha ya Obi Wali, Mnigeria aliyedai kwamba fasihi ya Kiafrika iandikwayo kwa Kiingereza na Kifaransa inaelekea ukingoni, na kwamba mkutano wa Makerere haukuwa na faida kubwa ila kuudhihirisha ukweli huo. Jarida lililopokea fedha za Kongamano lilitoa nafasi kwa shambulio kali kupita yote dhidi ya mkutano wa Kongamano hilo hilo. Anayeshikilia kwamba mwenye fedha ndiye aliyeandika kila neno hana budi kueleza alilitaka neno hilo kwa nini.

Jawabu la pili ni la Mphahlele mwenyewe, ambaye kwa miaka kadhaa alisimamia shughuli za Kongamano zilizohusu Afrika. Baada ya ufichuzi alikiri kwamba walihadaiwa, na hakuitetea CIA. Ila alishikilia kwamba hakuna walilotenda ambalo wasingalilitenda endapo fedha hizo zingalitoka penginepo. Hoja hii ina uzito, hasa ikikumbukwa kwamba msemaji alikuwa mkimbizi aliyetoroka utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini, mtu asiyehitaji kufundishwa na yeyote maana ya uhuru. Mkono mtupu haulambwi, na mikono iliyokuwa na kitu cha kuwapa waandishi vijana wa Afrika katika miaka ile ilikuwa michache mno.

Hata hivyo hoja ya Mphahlele inajibu swali moja na kuliacha jingine. Inathibitisha kwamba hakuna mtunzi aliyeamriwa. Lakini mfadhili mwerevu hahitaji kuamuru. Mwenye bustani hawezi kuuambia mche uzae tunda gani. Awezalo ni kuchagua mche upi aunyweshee na upi auache kwenye jua. Kila mche hukua kwa hiari yake, nayo bustani ikawa yake. Mwaka 1958 jarida la Encounter la London, lililogharimiwa na Kongamano hilo hilo, liliikataa insha ya Dwight Macdonald iliyoisuta vikali jamii ya Marekani. Macdonald alikuwa huru kuandika, na insha yake ilichapishwa kwingineko. Kilichopungua ni kile ambacho msomaji wa Encounter alikiona.

Mkutano wa Makerere nao ulikuwa wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Shaaban Robert, aliyefariki Tanga mwezi huo huo wa Juni 1962, hakuwa na kiti katika mkutano wa namna hiyo; Ngugi wa Thiong'o alilikumbusha jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukombozi wa fikra. Isidhaniwe kwamba majasusi walikaa chini wakamfuta Shaaban Robert. Shule ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuifanya kazi hiyo kabla yao, bila malipo. Fedha zilichofanya ni kuupa mpaka uliokuwapo sura ya bara zima.

Basi ubaya wenyewe uko wapi? Immanuel Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kamwe kuwa chombo tu cha kufikia makusudi ya mwingine. Anayeajiriwa hutumiwa, lakini kwa ridhaa yake, kwa kuwa ameyajua makusudi akakubali ujira. Mwandishi wa Transition aliyaridhia makusudi aliyoyaona: jarida huru, mjadala, malipo kidogo. Makusudi ya pili, yaani kuifanya sauti yake iwe kielelezo cha ubora wa kambi ya Magharibi, hakuulizwa. Alinyimwa hata nafasi ya kukubali, kwani huenda angalikubali. Wahenga wanasema mla cha mwenziwe na chake huliwa; lakini methali hiyo inamchukulia mlaji kuwa anajua anakula cha nani.

Hasara nyingine ilikuja baada ya ufichuzi. Mwaka 1966 Ali Mazrui alichapisha katika Transition insha iliyomwita Nkrumah, aliyekuwa amepinduliwa Februari ya mwaka huo, mfalme wa Kirusi aliyevaa vazi la Lenin. Insha ilizua mabishano makubwa. Hoja zilikuwa za Mazrui mwenyewe, na yafaa zipingwe au zikubaliwe kwa nguvu zake. Lakini baada ya habari zile kila mpinzani alipata njia ya mkato ya kutojibu hoja. Mfadhili wa siri alikuwa amechukua kitu ambacho mtunzi hawezi kurudishiwa, nacho ni haki ya kuaminiwa kwamba anasema yake.

Upande wa Mashariki ulikuwa na desturi tofauti. Ufadhili wa Moscow kwa waandishi wa Afrika na Asia, tangu mkutano wa Tashkent wa mwaka 1958 hadi jarida na tuzo ya Lotus, haukuvaa barakoa. Ngugi alipoimaliza riwaya yake ya Petals of Blood katika nyumba ya waandishi huko Yalta, aliushukuru Umoja wa Waandishi wa Kisovieti ndani ya kitabu chenyewe, kilichotoka mwaka 1977. Msomaji ameambiwa, apime mwenyewe. Kwa kipimo cha ridhaa, jambo hili ni safi zaidi kuliko lile la Paris.

Lakini uwazi hautoshi kuwa utakaso. Dola iliyowakaribisha wageni Yalta ndiyo iliyowahukumu Andrei Sinyavsky na Yuli Daniel, Februari 1966, miaka saba na mitano ya kazi ngumu kwa sababu ya maandishi yao waliyoyachapisha ng'ambo. Na hapa ndipo suala linapokuwa gumu kweli. Boris Pasternak alizuiwa kuichapisha Doctor Zhivago nchini mwake; ikatoka kwa Kiitaliano mwaka 1957, na mwaka 1958 akalazimishwa kuikataa tuzo ya Nobel. Mwaka huo huo CIA, kama nyaraka zake zilizotolewa mwaka 2014 zinavyoonyesha, iliichapisha kwa siri kwa Kirusi na kuigawa kwa wageni wa Kisovieti katika maonyesho ya Brussels. Pasternak hakuombwa ruhusa. Msomaji wa Kirusi aliyerudi na nakala hiyo mfukoni alipata kitabu halisi ambacho serikali yake ilimnyima. Kumwambia kwamba asingepaswa kukisoma ni upuuzi. Kusema kwamba kwa hiyo Pasternak hakutumiwa ni upuuzi pia. Msomaji alinufaika, na gharama ikamwangukia mtu wa tatu aliyebaki ndani ya mipaka ya dola iliyomkasirikia.

Neogy naye alilipa. Mwaka 1968 serikali ya Obote ilimtia kizuizini pamoja na Abu Mayanja, aliyekuwa ameikosoa serikali katika kurasa za Transition. Si vigumu kuona jinsi jina la CIA lilivyowafaa watawala waliotaka kumnyamazisha mhariri. Alipoachiliwa mwaka 1969 aliihama Uganda, na jarida likaanza upya Accra mwaka 1971. Wakati huo Kongamano lilikuwa limekwisha badili jina, na gharama zake zilibebwa hadharani na Ford Foundation. Hizo nazo zilikuwa fedha za Marekani, lakini mwandishi aliyeombwa makala aliweza kuukataa mkono uliozitoa, maana aliuona.